Aya Inayosomeka kwa Sauti: Uandishi na Mpangilio wa Aya za Kiswahili katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuandika na kupangilia aya ya Kiswahili iliyo wazi kwa kuangalia mwambao wa Ziwa Mweru, hasa Wilaya ya Nchelenge na kisiwa cha Kilwa nchini Zambia, pamoja na mji wa Kilwa ulio upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba katika eneo ambamo maandishi mengi ya umma husomwa na mtu mmoja huku wengine wakisikiliza, aya ndiyo kipimo cha usikivu. Aya iliyoandikwa ovyo inaweza kumfanya mama akosee kipimo cha chumvi, au familia ishindwe kujua haki iliyokwisha kuamuliwa kwa manufaa yake. Makala yanajadili maana ya aya, funzo linalotokana na maandishi ya Kiswahili ya Katanga, mfano wa tangazo la kipindupindu, sarufi ya mpaka wa aya, mpangilio wa ukurasa, na matumizi ya ibara zenye namba. Mwishoni yanatoa mapendekezo kwa waandaaji wa sera.

1. Utangulizi

Jina Kilwa huwapeleka wasomaji wengi wa Kiswahili moja kwa moja kwenye Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania. Kuna Kilwa nyingine mbili, mbali na bahari. Moja ni kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Nyingine ni mji ulio kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hilo hilo, upande wa Katanga nchini Kongo. Makala haya yanazihusu hizo mbili na ufuko wa Nchelenge unaotazamana nazo.

Hadhi ya Kiswahili hubadilika mtu avukapo ziwa hilo. Upande wa Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Upande wa Zambia, lugha kuu ya Luapula ni Kibemba, na Kiswahili hakimo katika lugha saba za wenyeji zinazotambuliwa kwa elimu na utangazaji. Hata hivyo, Kiswahili kipo Nchelenge kwa sababu watu wapo. Wavuvi na wachuuzi wa samaki huvuka maji tangu zamani. Kuanzia mwaka 2017, mapigano katika maeneo ya Tanganyika na Haut-Katanga yaliwafanya maelfu ya Wakongomani wakimbilie Luapula, na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa katika Wilaya ya Nchelenge. Wengi wa waliofika wanajua Kiswahili, lakini si wote waliokaa darasani muda wa kutosha kusoma ukurasa mzima bila msaada.

Hali hiyo huzaa aina maalumu ya usomaji. Tangazo hubandikwa kwenye mlango wa zahanati, chini ya mti wa mkutano au penye bomba la maji. Anayejua kusoma husoma kwa sauti. Wengine husikiliza, kisha huenda kuwasimulia waliobaki nyumbani. Mwandishi wa tangazo hawaoni wasikilizaji hao wala hawezi kujibu maswali yao. Kitu pekee anachoweza kuwaachia ni mpangilio wa maneno yake. Swali linaloongoza makala haya ni hili: aya ya Kiswahili iandikwe vipi ili ifike salama kwa msikilizaji wa mwisho?

2. Aya ni nini

Neno aya limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni ishara, na pia kifungu cha Kurani. Waswahili walilijua kwanza kwa maana hiyo ya kidini kabla ya kulitumia kwa fungu la sentensi katika insha. Neno ibara, nalo la asili ya Kiarabu, limechukua nafasi katika katiba na mikataba. Maneno haya mawili yana fundisho moja: fungu la maneno lina mwanzo na mwisho unaotambulika, na linaweza kutajwa peke yake bila kuvunja maana.

Mgawanyo wa mawazo katika maandishi ya Kiswahili ni mkongwe kuliko nafasi tupu ya mashine ya chapa. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zilijaza karatasi bila kuruka mstari, lakini msomaji alijua mahali salamu zinapoishia kwa sababu alikutana na maneno kama “ama baada”. Fomula hiyo ilifanya kazi ya aya: ilimwambia msomaji kwamba salamu zimekwisha na sasa linafuata jambo lenyewe. Ubeti wa utenzi nao hufanya kazi inayofanana kwa kina. Kwa hiyo aya haipaswi kufundishwa kama desturi ya kigeni ya kuacha nafasi. Ni jina jipya la jambo ambalo lugha ilikuwa ikilifanya kwa njia nyingine.

Katika mafunzo ya uandishi wa Kiingereza, mwanafalsafa wa Uskoti Alexander Bain aliweka kanuni za aya katika kitabu chake cha mwaka 1866, na kanuni ya umoja wa wazo imeendelea kurudiwa tangu hapo: aya moja, jambo moja, nalo litajwe mapema. Mwaka 1974, Richard Braddock alichunguza makala yaliyochapwa katika majarida ya Marekani na kukuta kwamba ni takribani asilimia 13 tu ya aya zilizoanza kwa sentensi ya mada. Waandishi hodari, kumbe, huivunja kanuni hiyo mara nyingi.

Matokeo hayo hayaiondolei sentensi ya mada thamani yake. Yanaonyesha kwamba aina ya usomaji ndiyo inayoamua. Msomaji wa jarida aliyeketi peke yake anaweza kurudi nyuma akaisoma aya upya. Msikilizaji wa tangazo kwenye ufuko wa Nchelenge hana nafasi ya kurudi nyuma. Asipojua tangu neno la kwanza kwamba anasikia habari ya maji au habari ya usajili, nusu ya aya itakuwa imempita kabla hajajua aisikilize kwa nini.

3. Funzo la maandishi ya Katanga

Umuhimu wa mpaka wa aya huonekana vizuri pale unapokosekana. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, André Yav alitunga historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Maandishi hayo yalipigwa taipu na kurudufiwa, na katika kichwa chake yanaitwa msamiati wa mji huo. Ni hazina adimu: watu waliopika, waliofua na waliolea watoto wa wakoloni wanaeleza kwa lugha yao wenyewe namna walivyouona ukoloni.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango. Ugumu wao wa kwanza ulikuwa kuyasoma. Mipaka ya maneno haikufuata utaratibu mmoja, alama za uandishi zilikuwa chache na zisizotabirika, na msomaji hakuweza kujua kwa jicho tu wapi habari moja inaishia. Suluhisho lilikuwa kuyarudisha kwenye sauti: Kalundi Mango aliyasoma kwa kutamka, na kwa pumzi na kiimbo chake mipaka ikaanza kujitokeza.

Wapo watakaolichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba mwandishi wa 1965 hakujua kuandika. Tafsiri hiyo haitoshi. Simulizi lake lina mpangilio. Lakini mpangilio huo umo katika sauti, haumo katika karatasi. Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu uandishi wa watu wa kawaida, alionyesha jambo linalokaribiana na hilo katika matini nyingine kutoka Katanga: maandishi yaliyo na maana kamili mahali yalipozaliwa hupoteza nguvu yanapohama na kusomwa na watu wa mahali pengine.

Funzo kwa mwandishi wa sera lina pande mbili. Kwanza, sauti ndiyo kipimo halisi cha aya: pale msomaji anapovuta pumzi na kubadili kiimbo, ndipo mpaka ulipo. Pili, tangazo la ofisi husafiri kinyume cha maandishi ya Yav. Lake lilitoka katika sauti likaingia katika karatasi. La ofisi linatoka katika karatasi kwenda katika sauti. Yeyote anayeliandika ana wajibu wa kuiweka mipaka hiyo mapema, kwa kuwa msomaji wa ufukweni hatakuwa na mtafiti pembeni yake wa kumsaidia kuitafuta.

4. Tangazo la kipindupindu: mfano

Kipindupindu kimeujia mara kwa mara mwambao wa Mweru, pande zote mbili za mpaka. Tangazo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini sura yake itatambulika kwa yeyote aliyewahi kusoma mbao za matangazo.

“Wananchi wote wanatangaziwa kuwa kutokana na hali ya kipindupindu inayoendelea katika maeneo ya kandokando ya ziwa inatakiwa maji yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa na ikitokea mtu ameanza kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari ambayo hutengenezwa kwa vijiko sita vya sukari na nusu ya chumvi katika lita moja ambayo ni lazima iwe safi na apelekwe kituo cha afya haraka na vyoo vitumike na mikono ioshwe na taarifa itolewe.”

Kila amri iliyomo ni sahihi kiafya. Tatizo ni aya. Msikilizaji anayesikia “vijiko sita vya sukari na nusu ya chumvi” ana njia mbili za kuelewa. Anaweza kuelewa nusu ya kijiko, ambayo ndiyo sahihi. Anaweza pia kuelewa nusu ya kile kipimo cha sukari, yaani vijiko vitatu vya chumvi. Kosa hilo ni mara sita ya kipimo, na chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji mwilini. Zaidi ya hayo, kijiko cha chai hakikutajwa, na katika nyumba nyingi kijiko kilicho karibu ni cha kulia wali au cha kupakulia. Tena amri iliyo ya haraka kuliko zote, kumpeleka mgonjwa kituoni, imefichwa katikati ya kipimo cha sukari na matumizi ya vyoo. Mwisho wake ni “taarifa itolewe”: itolewe na nani, kwa nani?

Mwandishi angeweza kuyagawa mambo hayo katika aya tatu, kila moja na kichwa kinachosomeka kwa pumzi moja:

Mtu akianza kuharisha. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Mkiwa njiani, endeleeni kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Akitapika, subirini kidogo, kisha mpeni tena. Mkifika, mwambieni mhudumu wa afya kama kuna wengine wanaoharisha nyumbani kwenu.

Maji ya chumvi na sukari. Kama mna pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini kutoka kituo cha afya, tumieni hiyo, mkifuata kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama hamna, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tieni sukari vijiko 6 vya chai. Tieni chumvi nusu ya kijiko 1 cha chai. Kijiko kiwe cha usawa, kisijae kupita ukingo. Koroga mpaka sukari na chumvi ziyeyuke. Maji haya yakifikisha saa 24, yamwageni mtengeneze mengine.

Maji ya kunywa na usafi. Chemsheni maji ya kunywa, au yatieni dawa ya klorini kama mlivyoelekezwa na wahudumu wa afya. Tumieni choo. Osheni mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

Tangazo la pili ni refu kuliko la kwanza, na urefu huo ni halali. Kilichoongezeka ni majibu ya maswali ambayo msikilizaji angeyauliza. Mpangilio wa aya nao umebadilika: lililo la haraka limetangulia, linalohitaji vipimo limewekewa aya yake, na la kila siku limefuata. Mtu akiombwa asimulie tena “ile ya maji ya chumvi na sukari”, anajua inapoanzia na inapokomea. Hapo ndipo aya inapotimiza kazi yake: inaweza kuchukuliwa peke yake na kupelekwa nyumbani.

5. Sarufi ya mpaka wa aya

Vitabu vingi vya mwongozo wa aya vimetokana na lugha nyingine, hivyo huacha nje yale ambayo sarufi ya Kiswahili yenyewe hufanya. Mambo matatu yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni kiambishi -ka-. Katika usimulizi, kitenzi cha kwanza hubeba wakati, na vinavyofuata huunganishwa nacho: “Mgonjwa alifika saa nane, akapimwa, akapewa dawa, akalazwa.” Kila -ka- huegemea kitenzi kilichotangulia. Aya mpya ikianza kwa “Akalazwa”, msikilizaji aliyefika katikati hana pa kuegemea. Katika ripoti, basi, mnyororo wa -ka- ukamilike ndani ya aya moja, na aya mpya ianze upya kwa -li- na jina la mtendaji. Mwandishi akishindwa kujua mahali pa kukata, na atazame mahali ambapo -ka- inaanza kuchoka: ambapo tukio jipya halitokani tena na lililotangulia.

La pili ni upatanisho wa ngeli. Kiswahili sanifu humruhusu mwandishi kutaja “maji” mara moja, kisha kuendelea kwa “yachemshwe”, “yapoe”, “yahifadhiwe”. Viambishi hufanya kazi ya kukumbusha. Lakini katika Kiswahili cha Katanga upatanisho umerahisishwa, na mara nyingi kiambishi kimoja hubeba ngeli kadhaa za vitu visivyo na uhai. Kwa msikilizaji aliyezoea Kiswahili hicho, tofauti ya “iwe” na “yawe” haibebi taarifa ileile inayoibeba Dar es Salaam. Tangazo linalotegemea kiambishi peke yake kuonyesha kama kinachopaswa kuwa safi ni lita, chombo au maji linamtegemea msikilizaji kwa sarufi asiyoitumia. Dawa yake ni rahisi: nomino irudiwe, hasa mwanzoni mwa kila aya. Mwalimu wa insha anaweza kuuona urudiaji huo kuwa kasoro ya mtindo. Katika maandishi ya umma ni ulinzi.

La tatu ni kauli ya kutendwa. “Chakula kitagawiwa”, “majina yatahakikiwa”, “taarifa itolewe”: sentensi hizi ni sahihi, na ofisi huzipenda kwa sababu hazimtaji mtu. Aya nzima inaweza kuandikwa hivyo bila mtendaji hata mmoja. Kwa mkimbizi au mvuvi anayetafuta mlango wa kubisha, aya ya namna hiyo haina mlango. Kila aya yenye agizo au ahadi inapaswa kumtaja mtendaji walau mara moja, kwa cheo kama si kwa jina. Jambo hilo humsaidia pia mshauri wa sera, kwani aya isiyo na mtendaji mara nyingi ni dalili kwamba wajibu wenyewe bado haujagawanywa.

6. Mpangilio wa ukurasa

Baada ya lugha huja karatasi. Mpaka wa aya huonyeshwa kwa njia mojawapo kati ya mbili: kuingiza mstari wa kwanza ndani kidogo, au kuacha nafasi ya mstari kati ya aya na aya. Vitabu hupendelea njia ya kwanza. Barua za ofisi na matangazo hufaidika na ya pili, kwa sababu nafasi tupu huonekana kwa mbali. Kuzitumia zote mbili pamoja hakuongezi uwazi, na kuzichanganya katika waraka mmoja humfanya msomaji adhani kuna ngazi mbili za mgawanyo.

Ulinganishaji wa kingo nao una gharama katika Kiswahili. Maneno yake ni marefu kwa sababu kitenzi hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli kwa pamoja. Mistari inaponyooshwa kulia na kushoto, neno kama “watakapohudumiwa” husukumwa mstari unaofuata na kuacha mapengo mapana nyuma yake. Katika safu nyembamba, mapengo hayo huonekana kama mipaka ambayo mwandishi hakuikusudia. Kwa matangazo na vipeperushi, afadhali mistari inyooshwe kushoto tu.

Programu za kuandikia huongeza tatizo lingine. Zikiachwa katika mpangilio wa Kiingereza, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo “nyumba” hukatwa nyu-mba na “kamba” hukatwa ka-mba. Kanuni za Kiingereza huelekea kutoa nyum-ba na kam-ba. Msomaji mzoefu huvuka kosa hilo bila kusita, lakini anayesoma kwa sauti silabi kwa silabi hukwama, na wasikilizaji hukwama pamoja naye. Ama lugha ya waraka iwekwe kuwa Kiswahili, ama ukataji wa maneno uzimwe kabisa.

Mwisho, aya isivunjwe na ukurasa pale panapoweza kuepukwa. Kipimo cha sukari kikibaki chini ya ukurasa wa kwanza na kipimo cha chumvi kikahamia juu ya ukurasa wa pili, ukurasa mmoja ukichanika aya imekufa. Kwa ujumbe mfupi wa simu, ambao mara nyingi hupoteza nafasi kati ya mistari, kila aya itumwe kama ujumbe wake, ikiwa na kichwa chake.

7. Ibara zenye namba na kumbukumbu ya haki

Matangazo hulenga siku ya leo. Zipo aya ambazo zinapaswa kudumu miaka, na hizo huhitaji namba. Mfano wake mzito uko ng'ambo ya ziwa.

Mwezi Oktoba 2004, baada ya kundi dogo la waasi kuingia katika mji wa Kilwa, jeshi la Kongo liliurudisha mji huo mikononi mwake, na zaidi ya watu 70 wakauawa. Kesi iliyosikilizwa na mahakama ya kijeshi huko Lubumbashi iliisha mwaka 2007 bila wahanga kupata haki waliyoidai. Mwaka 2010, mashirika ya haki za binadamu yalipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yakapewa namba 393/10. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2017 uliiona serikali ya Kongo kuwa imekiuka Mkataba wa Afrika, ukaitaka iwalipe wahanga waliotajwa na familia zao fidia ya dola za Marekani milioni 2.5. Miongoni mwa mengine, ulidai msamaha kwa watu wa Kilwa na maziko yenye heshima kwa waliofukiwa katika makaburi ya pamoja.

Maamuzi ya Tume huandikwa kwa aya zenye namba mfululizo, na jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Madai ya walalamikaji, hoja za serikali, sababu za Tume na hatua zinazotakiwa hukaa kila moja katika aya inayoweza kutajwa. Wakili wa Lubumbashi, mtafiti wa Lusaka na mwana wa marehemu aliyeko Kilwa wanaweza kuzungumzia aya ileile bila kuwa na chapisho lenye kurasa zinazolingana.

Faida hiyo hupotea kirahisi wakati wa tafsiri. Mtu anayefupisha uamuzi wa namna hii kwa Kiswahili hushawishika kuunganisha hatua zote katika aya moja: serikali ilipe, iombe radhi, ifukue, izike, ijenge. Aya hiyo husikika vizuri, lakini haifuatiliki. Fidia ina walengwa waliotajwa. Msamaha ni wa jamii nzima. Maziko yanawahusu waliopotelewa. Kila hatua ikibaki katika aya yake, na namba ya aya ya asili ikihifadhiwa katika tafsiri, familia inaweza kuuliza swali moja kwa wakati mmoja: hili limetekelezwa au bado? Hatua zote zikiwa zimefungwa katika aya moja, utekelezaji wa jambo moja unaweza kutangazwa kana kwamba ni utekelezaji wa yote.

8. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba uwazi wa aya si urembo wa insha. Kwenye mwambao wa Mweru, aya hupita kutoka karatasi kwenda sauti, kutoka Kiswahili sanifu kwenda Kiswahili cha Katanga, na mara nyingine kwenda Kibemba, kabla ya kufika kwa anayepaswa kutenda. Kila hatua ya safari hiyo inaweza kuangusha kitu. Aya nzuri ni ile iliyofungashwa ikitazamia safari hiyo.

Mapendekezo matano yanatokana na mjadala huu. Kwanza, tangazo lolote la Kiswahili linalohusu afya, chakula au usajili lisomwe kwa sauti na mtu asiyeliandika, mbele ya wasikilizaji wachache wa eneo husika, nao waombwe kulisimulia kabla halijachapwa. Panapokosewa masimulizi ndipo aya ipaswapo kurekebishwa. Pili, kila aya ibebe jambo moja, ianze kwa nomino ya jambo hilo, na imtaje mtendaji. Tatu, vipimo na tarehe viwekwe katika aya zake na viandikwe kwa tarakimu. Nne, tafsiri za maamuzi na sheria zihifadhi namba za aya za asili. Tano, mafunzo ya maofisa wanaoandikia jamii za mpakani yajumuishe tofauti za Kiswahili cha Katanga na Kiswahili sanifu, hasa katika upatanisho.

Hakuna kati ya haya linalohitaji bajeti kubwa. Jaribio la kulisoma tangazo kwa sauti huchukua nusu saa. Gharama ya kutolifanya hailipwi na ofisi iliyoandika. Hulipwa na yule aliyesikia “nusu ya chumvi”, akaenda nyumbani kutekeleza alivyoelewa.